Kibanio cha Nguo

Jumanne, 2 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Dereva wa basi amenifikishia salamu zako pamoja na lile gauni. Limenibana kiunoni, na nakujua wewe, umefanya makusudi ili nione aibu nipunguze kula. Fundi cherehani mzima unashindwaje kumpima wifi yako kwa macho?

Sasa tuongee ya kaka. Nimemwombea nafasi kwa daktari wa kipimo: Jumanne ijayo, tarehe 9, saa tano asubuhi. Wenzake wanasubiri miezi miwili. Nimempitisha mlango wa nyuma, usimtangazie mtu.

Umeniuliza atafanywa nini. Hakuna la kutisha. Atalala ubavu wa kushoto, atachomwa sindano ya kumlegeza, na daktari atamshushia mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni mpaka tumboni, aone hiyo damu anayoitema inatoka wapi. Mpira huo pia unanyonya. Tumboni kukiwa na maji, daktari anabonyeza kitufe na maji yanavutwa mpaka kwenye chupa ya ukutani. Mpira wa pili ndio wangu. Mimi husimama kichwani kwa mgonjwa na kunyonya mate na chochote kinachopanda mdomoni, kisije kikaingia mapafuni. Ndiyo maana hapa kazini wananiita Mama Kichwani. Huu ni mwaka wa kumi na moja na sijapoteza mtu.

Sharti ni moja, na nakuandikia wewe badala ya yeye kwa sababu jikoni ni kwako. Asile kitu tangu saa mbili ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Hata chai. Mtu akishalegezwa, chakula kikirudi juu hana nguvu ya kukikohoa. Na mpira wangu unavuta majimaji, hauvuti mkate.

Mwambie asijitie ushujaa. Atafikia hospitali moja kwa moja, na akitoka atalala kwangu.

Wifi yako akupendaye,
Mama Kichwani

*

Jumatatu, 8 Februari

Wifi,

Barua hii anakuletea mwenyewe mgonjwa wako. Gauni halikubani, wewe ndiye umelizidi. Lirudishe nilitanue, na nitamwambia kila mteja sababu.

Ningekuja naye, ila mdogo ana surua na binti mkubwa ana mitihani. Huyo kaka yako fundi saa amekwisha, wifi. Wewe hujamwona tangu mwaka jana. Mashati niliyomshonea mwenyewe yanamning'inia kama yametundikwa msumarini. Anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani, anarudi kwenye saa zake za watu kuzifungua na kuzifunga. Juzi nimemkuta ameegemea meza amefumba macho, akaniambia anasikiliza saa. Ni juzi na jana tu ndipo alipokula kidogo nikapata moyo, na wewe sasa unataka nimsafirishe mwendo wa saa nne na tumbo tupu. Haya, mtaalamu ni wewe. Masharti yako nimeyasoma yote.

Ombi langu ni dogo. Mikono yake inatengeneza saa za mji mzima, lakini akiona sindano inatetemeka mpaka vidole. Wewe mshike mkono. Mimi nisipokuwepo, wewe ndiye mimi.

Nakuachia mtu wangu.

Wifi yako,
wa cherehani

*

Jumanne, 9 Februari, saa nane mchana

Wifi,

Panda basi hili hili. Watoto waache kwa jirani.

Alitapika kipimo kikiendelea na matapishi yameingia mapafuni. Yuko chumba cha mahututi, mashine inampumulia. Yuko hai. Naandika nimesimama, unisamehe mwandiko.

Ukifika daktari atakuuliza kama alikula. Nakuuliza mimi kwanza. Alikula, wifi? Usiogope kunijibu.

Mimi

*

Jumapili, 21 Machi

Kwako dada wa marehemu,

Sijui nikuite nani sasa, kwa hiyo nakuita hivyo.

Najua umeumia nilipokuzuia kukaa na sisi siku ya maziko. Watu wamenisema sana, eti nimemfukuza dada mtu kwenye msiba wa kaka yake. Wacha waseme. Siku tisa nimekaa nje ya mlango wa kile chumba kwenye benchi la chuma, na kila ulipopita ulikuwa na swali moja tu: alikula, alikula. Mume wangu yuko na mpira kooni, wewe unapekua jiko langu. Siku ya tisa wakanitolea saa yake, pete yake na mkoba wake, nikatia sahihi, nikatoka.

Nilikujibu pale bencheni, na leo naandika. Alitoka hapa na tumbo tupu kama ulivyoagiza.

Sasa nikuulize na mimi. Yule mama wa usafi wa chumba chenu alinikuta nalia akanihurumia, akaniambia aliyoyaona. Anasema mume wangu alipotapika, wewe ulitia mpira wako mdomoni na mpira haukuvuta. Anasema ulipiga kelele kwamba mashine imekufa, na yeye ndiye aliyekimbilia swichi. Wewe ambaye miaka kumi na moja hukupoteza mtu. Wewe uliyeniandikia kwamba kazi yako ni hiyo moja.

Nimemwandikia mganga mkuu wa hospitali yenu. Amenijibu kwamba ataunda kamati. Nitakayowaambia nimekwisha kukuambia.

Binti mkubwa aliacha mitihani yake katikati. Anakuulizia, na mimi simjibu.

Mjane wa kaka yako

*

Ijumaa, 2 Aprili

Wifi,

Mimi nitaendelea kukuita hivyo, upende usipende.

Barua yako kwa mganga mkuu imefanya kazi yake. Nimesimamishwa. Nimekaa nyumbani wiki ya pili, nafua nguo zisizo chafu. Kamati inakaa tarehe 27. Ikiniona na hatia cheti changu kinafutwa, na sijui kazi nyingine duniani. Kama hilo ndilo ulilolitaka, limebaki dogo.

Mashine unayoisema ilikaguliwa na fundi wa hospitali kesho yake asubuhi. Ilivuta vizuri. Muulize mtu yeyote.

Nami nikuambie nilichokiona, maana nimekaa nacho moyoni tangu siku ile. Kabla hajatapika, daktari aliposhusha kamera na kubonyeza, chupa ya ukutani ilianza kuingia vipande vya njano. Kiini cha yai, wifi. Halafu kilipopanda kikapanda na mkate, nikautoa kwa vidole vyangu. Kaka yangu alikuwa ametoka kula, hazikupita saa tatu. Mimi si mtoto, nimeona matumbo ya watu maelfu.

Chupa ile niliimwaga mwenyewe jioni, nikaisuuza. Ingekaa, leo ningekuwa na ushahidi; daktari anasema yeye aliona uchafu tu, hawezi kuapa kwamba ni chakula. Niliimwaga kwa sababu nilikufikiria wewe. Nilijua wataiona, watakuuliza mbele za watu, na nilitaka uulizwe na mimi peke yangu. Nikakuuliza mara ngapi? Ukaniapia.

Mimi pia nimefiwa. Alinilea huyo mtu. Wazazi wetu walipoondoka yeye ndiye aliyekuwa ananisuka nywele kwenda shule, vibaya, na watoto wakanicheka, na kesho yake ananisuka tena. Umenitoa kwenye maziko yake na nikanyamaza. Katika hili sinyamazi.

Iambie kamati ukweli.

Wifi yako

*

Jumatatu, 19 Aprili

Wifi yangu,

Nimechukua siku kumi na saba kuijibu barua yako. Nilikuwa naishona nguo ya harusi ya mtu na kila nikishona mshono naufumua.

Alikula. Mayai mawili na vipande vinne vya mkate. Nilimfungia mimi kwenye kopo la plastiki, nikalitia mkobani chini ya shati. Alikataa, wifi, ujue hilo. Alisema dada amekataza. Nikamwambia dada yako hajaziona mbavu zako, yeye anazungumza na wagonjwa wenye nyama. Nikamwambia basi likisimama saa mbili ale pale, mpaka saa tano kitakuwa kimeshashuka. Halafu nikamwambia ukifika usimwambie. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu, namfunga vifungo vya koti.

Waliponipa mkoba wake kopo lilikuwa mle ndani. Alikuwa ameliosha. Akatafuta bomba huko kituoni akaliosha na kulikausha ili wewe usilione. Kila nikilikumbuka kopo lile safi, natamani ardhi inimeze.

Nilikuapia kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile na yeye bado anapumua, na nilidhani nikikubali kwa mdomo ndiyo nitakuwa nimemuua. Alipokufa nikaona nimechelewa. Halafu yule mama wa usafi akaniambia habari za mpira, nikaushika huo mpira kwa mikono miwili. Ukawa ndio unaonipa usingizi.

Nimeandika haya haya kwa kamati, nimeweka sahihi na dole gumba, yasije yakasemwa si yangu. Barua itatangulia kufika. Urudi kazini kwako.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na sikuombi kama mshtaki. Yule mama alisema kweli? Mpira wako ulivuta au haukuvuta? Na kama haukuvuta, ungevuta angepona? Kamati sitaiambia, sitamwambia mtu. Nataka tu kujua kama niliyemuua ni mimi peke yangu, ili nijue namna ya kuishi nalo. Utakalosema nitaliamini, kwa sababu baada ya niliyokufanyia sina haki ya kutokukuamini.

Wifi yako

*

(Barua hii haikutumwa.)

Ijumaa, 30 Aprili

Wifi yangu,

Kamati imenisafisha. Walisoma barua yako, wakanong'ona, wakaniambia uamuzi. Dakika kumi hazikufika. Mganga mkuu alinipa mkono. Jumatatu narudi kazini.

Hawakuniuliza juu ya kibanio. Wangeniulizaje, na nje ya chumba chetu hakuna anayejua kwamba kipo.

Chumba chetu kina mashine moja ya kunyonya, wifi, moja tu. Mpira wake unagawanyika matawi mawili, tawi moja linakwenda kwenye kamera ya daktari na jingine ndilo langu la mdomoni. Matawi yote yakiwa wazi nguvu inagawanyika, kamera inavuta kivivu na daktari anagomba kwamba haoni. Tuliomba mashine ya pili, tukaambiwa tusubiri, mwaka wa sita huu. Tukajitafutia njia. Daktari akisema "nipe," mimi naukunja mpira wangu na kuubana kwa kibanio cha nguo, kile cha mbao cha kuanikia. Nguvu yote inakwenda kwake. Akimaliza nafungua. Sheria ni kwamba aliyebana anakishika kibanio mkononi, hakiachi hata apigwe na radi. Sheria hiyo niliitunga mimi. Nimewafokea wauguzi wadogo juu yake mpaka wakalia.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hatujaingia. Kila mgonjwa namuuliza lini amekula, namuuliza mara mbili, tena namtazama machoni, kisha naandika. Kwa kaka niliandika "hajala" bila kumuuliza. Alikuwa anatania habari za gauni langu, nami nilikuwa nacheka, na kalamu ikaandika.

Daktari aliposema "nipe" nikabana. Vile vipande vya njano vikaanza kupita, daktari akasema nipe zaidi, na hakukuwa na zaidi. Sindano ilikuwa haijamchukua kaka vizuri. Mkono wake ulikuwa unatafutatafuta hewani, ule mkono wa fundi saa, unatetemeka kama ulivyoniambia. Nikakiacha kibanio juu ya shuka, nikamshika. Kwa mgonjwa mwingine yeyote nisingefanya hivyo. Ningemwambia tulia baba, basi.

Akatapika. Daktari akaivuta kamera akaitoa. Nikatia mpira wangu, haukuvuta. Nikasema mashine imekufa, na nilikuwa naamini kabisa, wifi, sikuwa nadanganya. Mama wa usafi akapiga swichi, akabadilisha chupa. Mimi nachota kwa vidole. Shuka lilikuwa limejikunja juu ya kibanio, na mimi niliyekibana sikukikumbuka. Dakika mbili, labda na zaidi. Tulipomwinamisha kikachomoka chenyewe, kikaanguka sakafuni, na mpira ukaanza kuvuta kwa sauti mkononi mwangu. Uso wake ulikuwa umeshageuka rangi. Nikakikanyaga kibanio, halafu nikakiokota na kukitia mfukoni kabla daktari hajainua kichwa. Sijui mkono wangu ulipata wapi akili ile, na dakika moja nyuma haukuwa nayo.

Umeuliza kama angepona. Mkate hauvutiki hata kwa mpira mzima. Lakini kilichomchoma mapafu zaidi ni majimaji, na majimaji ningeyavuta. Nadhani angekohoa wiki mbili, akarudi kwako. Nadhani angepona.

Kwa hiyo hukumuua peke yako, na huenda wewe hukumuua kabisa. Watu wanakula, wanaficha, wanatapika, tunanyonya, wanakwenda nyumbani. Mimi nimewekwa pale kwa ajili ya watu kama ninyi, mnaokula halafu mnasema hamjala. Kama watu wote wangesema kweli, mpira ule ungekuwa wa nini?

Nilikuandikia kwamba chupa niliimwaga kwa ajili yako. Si kweli yote. Niliimwaga ili yasiulizwe mengi.

Ukitaka kuipeleka barua hii kwa kamati, ipeleke. Nitaipeleka posta kesho.

Wifi yako

*

Jumanne, 4 Mei

Wifi,

Barua yako ya tarehe 19 Aprili niliipata, na nakushukuru kwa ulivyojikaza kuiandikia kamati. Kamati imemaliza kazi yake na nimerudishwa kazini tangu jana. Wamenipa usimamizi wa chumba chote, na wameahidi kwamba mashine ya pili itanunuliwa mwaka huu.

Umeuliza juu ya mpira. Mashine ilikaguliwa ikaonekana nzima, taarifa ya fundi imo kwenye jalada. Yule mama wa usafi alichanganyikiwa kama tulivyochanganyikiwa wote. Mpira ulivuta. Kilichopanda kilikuwa kingi mno, hakuna ambaye angeweza kufanya zaidi.

Mimi sikulaumu. Ulifanya kwa kumpenda, na yeye alijua hivyo. Jitahidi usahau.

Wasalimie watoto.

Wifi yako,
Muuguzi Msimamizi

*

Jumapili, 6 Juni

Wifi yangu mpenzi,

Asante kwa kuniambia ukweli. Ulikuwa na kila sababu ya kunitukana na hukunitukana. Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Bora kujua. Kabla ya hapo nilikuwa kila asubuhi naamka na tumaini la kijinga kwamba labda ule mpira, labda ule mpira, na tumaini hilo lilikuwa linanichosha kuliko msiba wenyewe. Sasa nimelitua.

Nimewaita watoto nikawaambia. Sikutaka waje wasikie barabarani. Niliwaambia baba yenu alikatazwa kula, nikamlisha kwa siri, na kile nilichomlisha ndicho kilichomuua, na kwamba shangazi yenu alifanya kila alichoweza nami nikamsingizia. Mdogo aliuliza kama baba aliona njaa. Binti mkubwa aliinuka akaenda kwa jirani.

Tangu siku hiyo hali chakula changu. Hanitukani, hanijibu vibaya. Nikipakua anasema asante mama, nimeshiba, halafu naambiwa amekula kwa jirani. Amekuwa mwembamba, na mimi siwezi kumwambia mtu ale. Naanzaje?

Nimemwomba mara mbili anisamehe. Mara ya pili akaniambia nimsamehe yeye, kwa sababu hawezi.

Amepata nafasi ya kusomea uuguzi huko kwenu kwa cheti chake cha kidato cha nne, ile mitihani aliyoiacha haikuhitajika, na amesema hataki kukaa bweni, anataka kukaa kwako. Anasema katika ukoo wetu shangazi ndiye mtu pekee anayejua kutunza watu. Anataka umfundishe kazi yako, ile ya kusimama kichwani. Nilimkatalia wiki moja, nikaona namkatalia kwa wivu tu, nikamkubalia. Anapanda basi Jumatatu ya wiki ijayo.

Mpokee, wifi. Usingizi wake ni mbaya, na kuna usiku anaamka anauliza baba alikufaje, mwanzo mpaka mwisho, hatua kwa hatua. Mimi simalizi, na nikimaliza haniamini. Atakuuliza wewe. Mkalishe chini umweleze yote, kama ulivyonieleza mimi. Wewe atakuamini.

Wifi yako